Nimeamka, Nimenawa Uso

Nilisimama mbele ya darasa la pili tangu kengele ya kwanza mpaka kengele ya mapumziko bila kusema neno. Chaki ilikuwa mkononi. Mwanzoni watoto walikaa kimya wakidhani ni adhabu. Halafu wakaanza kunong'onezana, halafu kurushiana vipande vya karatasi, na mwisho msichana mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kama ninaumwa. Sikumjibu. Si kwamba niliogopa. Nilitafuta neno la kuanzia, nikalikosa, na kulikosa hakukunisumbua. Kengele ilipolia niliweka chaki juu ya meza, nikachukua mfuko wangu, nikatembea mpaka nyumbani.

Hiyo ilikuwa Bunia, mwaka wa pili tangu tulipokimbia vita kutoka Kpandroma. Kule nilikuwa nimefundisha miaka tisa. Shule yetu iliungua, nyumba yetu pia. Mume wangu alifika Bunia salama pamoja nami, na siku ya nne akarudi kuangalia ng'ombe. Jirani aliyemzika ndiye aliyekuja kunieleza. Nilimpa kiti, nikampa maji ya kunywa, nikamshukuru kwa safari. Kila nilipoeleza habari hiyo baadaye niliieleza namna hii hii ninavyoiandika hapa, na watu waliniangalia usoni wakingoja kitu ambacho hakikuja.

Nilikaa kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu mzazi, mjane aliyeishi Bunia tangu usichana wake na kuuza unga wa muhogo sokoni. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na lupango, yaani kiwanja cha nyumba, uliozungushiwa ua wa matete. Siku ile ya darasa, mkurugenzi wa shule alifika kwake kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa ndani, nimelala macho wazi, na nilisikia mazungumzo yao yote bila kuinuka.

Alipoondoka, mama mdogo akaja kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Direkteri anasema ulitoka tu, hata kuaga hapana. Iko nini?"

"Hakuna kitu."

Akanishika mguu juu ya blanketi. "Hakuna kitu, ndiyo ugonjwa yenyewe ile."

Jumatano iliyofuata akanipeleka kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, ambapo wanawake waliokimbia kutoka vijijini walikusanyika kila wiki. Aliyetuongoza alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye nguo zilizopigwa pasi vizuri na sauti ya upole. Tulimwita animatrisi. Alitugawia kila mmoja kioo kidogo chenye fremu ya plastiki na karatasi yenye maneno manne yaliyopigwa chapa. Mimi ni mwanamke mwenye nguvu. Mimi nina thamani. Ninaweza kutimiza kila ninachoamua. Leo ni siku yangu.

"Asubuhi, mara kumi," alisema. "Kwa sauti. Mujiangalie mu macho. Vita ilituambia kwamba siye si kitu, na tulisadiki. Sasa tutajiambia mambo ingine, mpaka moyo isikie."

Bibi mmoja aliyekaa karibu nami aligeuza kioo chake huku na huku kama anayekagua bidhaa. "Sikujiangalia tangu tulikimbia," alisema. "Hii sura ni ya mama yangu. Aliingia humu namna gani?" Wanawake wakacheka, animatrisi pia. Mimi nilitazama kioo changu. Uso ulikuwepo.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kila asubuhi nilichomeka kioo kati ya matete ya ua, juu ya beseni la kunawia, nikasimama wima. Bunia asubuhi kuna baridi, na ukungu wenye harufu ya makala, yaani makaa, yanayowashwa lupango kwa lupango. Barabarani pikipiki za kwanza zilikuwa zinakataa kuwaka. Nikasema maneno yangu manne, mara kumi, nikihesabu kwa vidole. Niliyasema kwa sauti safi, maana mimi ni mwalimu, najua kusoma kwa sauti. Kwenye kioo niliona mdomo ukifunguka na kufungika. Nilipomaliza nilinawa, nikaanika kitambaa, nikaenda kumsaidia mama mdogo kupepeta unga.

Kwenye ukumbi kila mmoja alitakiwa kusema anachosikia moyoni. Mama mmoja aliyekuwa na watoto sita alisimama akasimulia jinsi alivyokwenda kwa chifu wa kata kudai karatasi ya kiwanja chake. Mara tatu kabla ya hapo alifika mlangoni akarudi. Safari hii aliingia, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akasema alichokuja kusema, na akatoka na karatasi. Aliionyesha. Tulipiga makofi, naye akalia na kucheka kwa pamoja. Sitaki mtu adhani ninamdhihaki. Nilimwona kwa macho yangu akibadilika, hata mwendo wake ulibadilika.

"Na weye, mwalimu?" animatrisi aliniuliza.

"Sisikii kitu."

"Endelea. Itakuya."

Wiki iliyofuata nikajibu hivyo hivyo, naye akajibu hivyo hivyo, ila tabasamu lake lilikuwa limechoka kidogo. Wiki ya tatu nilisimama nikasema, "Nasikia muzuri. Nasikia nguvu." Wakanipigia makofi mimi pia. Nilikaa. Nikaona kwamba nimewadanganya wanawake ishirini mchana kweupe, ndani ya ukumbi wa kanisa, na uongo ule haukuniuma popote. Zamani nilikuwa mtu anayekosa kula kwa sababu amemdanganya mtoto.

Mama mdogo alinikuta asubuhi moja penye beseni. Nadhani alikuwa ananisikiliza siku nyingi akidhani ninasali. Siku hiyo alikuja na ndoo yake, akaiweka chini, akasubiri mpaka nimemaliza mara ya kumi.

"Weye iko na nguvu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Na leo ni siku yako?"

"Sijui. Ni siku ya watu yote."

"Sasa juu ya nini unasema?"

"Walituambia tuseme."

Alifikiri. Mama mdogo hakusoma zaidi ya mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na hakuwa mtu wa mashauri mengi. Alichukua kioo kutoka kwenye matete, akajitazama, akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Mimi nikiambiwa uongo kila asubuhi, sitasadiki ule mutu hata kama anasema kweli," alisema. "Anza na ile kweli. Hata ikiwa kidogo. Leo ulifanya nini?"

"Nimeamka."

"Sema kwa kioo."

"Nimeamka."

"Ingine."

"Nimenawa uso."

"Ona. Ile hakuna mutu atabisha." Kisha akajisemea mwenyewe akiwa bado ameshika kioo: "Nimelala muzuri. Panya hazikunikula." Akanirudishia, akabeba ndoo yake, akaondoka.

Basi nikaiacha karatasi. Kila asubuhi nilisema vitu vitatu au vinne, vile vilivyokuwepo tu. Nimeamka. Nimenawa uso. Niko hapa Bunia. Maji ni baridi. Siku nyingine kiliongezeka kimoja: nimesuka nywele, nimeonja chumvi. Sitasema kwamba nilipata nafuu. Lakini sikuhesabu tena kwa vidole, na sikutamani kumaliza upesi.

Wakati ule watu walisema vita imekwisha, na waliposema hivyo walishusha sauti. Sokoni tuliuza, makanisani watu walioana, malori yalipanda kwenda Kpandroma na kurudi na viazi na kabichi. Ila kila mtu alijua njia yake ya kukimbilia. Jumatatu moja, kama saa tano asubuhi, nilikuwa na mama mdogo kwenye meza yake ya unga. Kukatoka kishindo upande wa barabara kubwa. Kimoja tu. Soko zima likasimama. Meza zilipinduka, nyanya zikakanyagwa, wenye vibanda wakashusha milango ya bati. Wanawake walipita wamebeba watoto wa wenzao bila kujua.

Mimi nilikunja gunia, nikafunga mdomo wake, nikaweka beseni la unga kichwani, nikaanza kutembea. Mama mdogo alikuwa amekwisha kufika mbali. Aligeuka, akaniona, akarudi akinipigia kelele: "Kimbia! Kimbia weye!" Akanishika mkono, akanivuta, unga ukamwagika begani mwake.

Nyumbani tulifunga mlango kwa komeo na kwa meza. Jua lilikuwa kali nje, ndani giza. Mama mdogo alikaa chini, mgongo ukutani, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Halafu nikamsikia akisema polepole:

"Mulango imefungwa. Maji iko mu ndoo. Tuko wawili."

"Unga tumebeba," nikasema.

"Unga tumebeba," akarudia. "Mulango imefungwa."

Tulisema hivyo mpaka kutetemeka kwake kukapungua. Baada ya saa mbili jirani akagonga akatuambia kwamba lilikuwa tairi la lori lililopasuka, na dereva alikuwa amekimbia pamoja na watu wengine, akaacha lori lake katikati ya njia.

Habari ilienea kwamba mimi nilitembea. Sokoni waliniita mwenye roho ngumu. Kwenye ukumbi animatrisi alinitaja mbele ya wote kama mfano: wenzangu walikimbia na mimi nilitembea, maana mtu anayejua thamani yake hashituki ovyo. Walipiga makofi tena. Nilitazama miguu yangu. Nilijua kwamba nilitembea kwa sababu sikuona tofauti kati ya kufika na kutofika.

Nilimwambia mama mdogo maneno hayo, kwa sababu alikuwa ndiye mtu aliyenifundisha kusema kilichopo. Alikuwa anasonga bugali. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Usiseme ile tena," akasema. Mvuke ulimpanda usoni. Kisha akasema, "Hapana. Kama iko vile, sema. Lakini sema nikiwa hapo."

Kesho yake asubuhi akaja kusimama nami penye beseni, kanga mabegani kwa sababu ya baridi. Nikasema nimeamka, nimenawa uso, niko hapa Bunia. Kisha nikasema lile lililokuwa kweli: "Sijali kama nitafika."

"Mimi najali," akasema mama mdogo.

Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga, bila kunitazama. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Nilisema langu, akasema lake, akajaza ndoo. Asubuhi moja aliumwa malaria na hakuweza kuinuka. Nilipomaliza kusema langu nje, nikasikia kutoka ndani, kupitia dirisha lisilo na kioo, sauti ya mtu mwenye homa: "Mimi najali."

Mkurugenzi alirudi mwezi wa tatu wa mwaka wa shule. Mwalimu aliyewekwa mahali pangu alikuwa ameacha chaki akaenda Bambu kuchimba dhahabu. Mkurugenzi, mzee mwembamba mwenye koti moja la kila siku, alikaa kwenye kibao cha mama mdogo na kofia yake juu ya goti.

"Madame, sina mutu," aliniambia. "Kuya ujaribu siku moja. Mimi nitakaa nyuma. Ukinyamaza, nitasimama, nitaendeleza masomo mimi mwenyewe. Hakuna haya ndani yake."

Nikamjibu kwamba nitakuja. Sikujibu kwa ujasiri. Aliomba, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa.

Darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko mara ya kwanza, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Somo lilikuwa la Kiswahili, maana miaka ya kwanza tunafundisha kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa. Nilikuwa nimeandaa daftari langu vizuri, malengo, mifano, maswali, kama nilivyofanya miaka tisa. Mkurugenzi alipita nyuma na kiti chake. Watoto wakasimama, wakaniamkia, wakakaa. Nikageuka, nikaandika tarehe ubaoni, nikawageukia tena.

Hakukuwa na kitu. Daftari lilikuwa wazi mezani na sikuweza kusoma mwandiko wangu. Yule msichana wa mstari wa mbele alikuwa pale pale, ananitazama kwa makini, kama anayejua kinachofuata. Nikasikia kiti cha mkurugenzi kikilia. Alikuwa anajiandaa kusimama.

"Nimeamka," nikasema.

Ilitoka hivyo tu, kwa sababu ndilo lililokuwepo. Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo kila mwalimu wa watoto wadogo analijua, kwamba watoto wa darasa la pili hurudia chochote anachosema mwalimu. Wakaitika wote kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimba: "Nimeamkaaa!"

"Nimenawa uso."

"Nimenawa usooo!"

"Niko hapa Bunia."

"Niko hapa Buniaaa!"

Kiti cha mkurugenzi kilinyamaza. Nikachukua chaki, nikaandika nimeamka ubaoni kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini ya silabi me.

"Hiyo ni leo," nikasema. "Na jana?"

"Niliamka!"

"Na kesho?"

"Nitaamka!" Walipiga kelele mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza.

Mvulana mmoja aliyekaa dirishani akainua kidole. Nikampa ruhusa. Akasimama, akauliza: "Madame, na kama mutu hakuamuka?"

Watoto wengine hawakucheka. Nusu ya darasa lile walitoka huko tulikotoka sisi.

"Tunasema: hakuamka," nikamjibu. Nikageuka, nikaandika ubaoni, chini ya yale mengine, hakuamka. Mkono wangu uliandika vizuri, herufi zote zilikaa kwenye mstari. Nyuma yangu wakasoma pamoja, kwa sauti ile ile waliyosomea mengine, "Hakuamkaaa." Nikawaambia vizuri sana. Tukaendelea na kitenzi kulima, kisha kufagia.

Ningependa kuandika kwamba nililia siku hiyo. Sikulia. Mkurugenzi alipobeba kiti chake kutoka nje alisimama kidogo mlangoni akaniambia, "Kesho saa moja na nusu, Madame," akaenda zake. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama mdogo kwamba nimefundisha, naye akasema, "Ona," akanimenyea viazi. Tukala.

Jumatano nilisimama kwenye ukumbi bila kuulizwa. Nikawaambia kwamba siku ile niliposema nasikia nguvu, nilidanganya. Nikawaambia siku ya tairi haikuwa ujasiri. Nikawaeleza ya mama mdogo, ya beseni, na ya darasa. Hawakupiga makofi. Yule bibi wa kioo alinivutia kiti, nikakaa.

Baada ya kikao nilibaki kumsaidia animatrisi kupanga viti.

"Mimi nilisema yale maneno ya karatasi mwaka muzima, wakati sikupata kazi," akasema. "Kwangu yalisaidia. Sikudanganya."

"Najua. Yule mama wa kiwanja pia yalimusaidia."

"Lakini mimi nilikuwa na watu yote nyumbani. Hakuna mutu alikufa." Akaweka kiti juu ya kingine. "Sijui yanasaidia nani na yanaacha nani. Hawakutufundisha ile."

Miezi michache baadaye mradi wa vikao vile ulifungwa, animatrisi akapelekwa Aru kwa kazi nyingine, na ukumbi ukarudi kwa kwaya. Wanawake tuliendelea kusalimiana barabarani.

Nikamaliza mwaka ule wa shule. Tulikuwa walimu saba na mimi nilikuwa mwanamke pekee. Kila Jumamosi ya kikao, birika, majani ya chai na mbabula, lile jiko la makaa, viliwekwa nje ya mlango wa ofisi, na nilipoviona mara ya kwanza nikachutama nikawasha makala. Hakuna aliyeniamuru. Nikafanya hivyo kila kikao. Walijadili ratiba na mitihani huku mimi nikipepea moto nje, nikisikia nusu.

Jumamosi moja karibu na mitihani, mkurugenzi alikuwa anasoma maagizo ya ukaguzi, na nilikuwa nimeingia ili nisikie. Mwalimu wa darasa la sita, mtu mzuri tu, akanena bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake: "Madame, chai."

"Leo nasikiliza," nikasema. "Weye pika."

Na hapo moyo wangu ukaanza kupiga. Niliusikia shingoni, masikioni, viganja vikalowa. Niliogopa. Niliwaogopa wanaume sita wenye kalamu kana kwamba wamebeba mapanga, na mwili wote ulitaka kuinuka, kuomba msamaha na kwenda kuwasha moto. Nikashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, nikabaki nimekaa. Mwalimu wa darasa la sita alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama karatasi yake.

"Mwalimu," akasema mkurugenzi, "makala iko nje."

Yule mwalimu akatoka. Hakujua kupepea. Moshi ulirudi wote ndani ya ofisi, tukakohoa, mwalimu wa darasa la nne akafungua madirisha akicheka. Chai ilipokuja ilikuwa na majivu na haikuwa na sukari, kwa sababu aliisahau. Nilikunywa kikombe changu mpaka chini. Kwenye kikao kilichofuata nilikuta zamu za chai zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Mimi nilikuwa wa nne.